Akishinda ni Urefu, Akishindwa ni Yeye

Wiki chache zilizopita nilituma video kwenye grupu letu la WhatsApp. Fainali ya ubingwa wa dunia wa voliboli ya wanawake, Tokyo, Novemba 2010, Urusi dhidi ya Brazil. Sikuandika maelezo marefu. Niliandika tu: "Muangalieni Gamova."

Jibu la kwanza lilikuja kabla hata video haijafunguka vizuri: "Huyo si mchezaji, huyo ni mlingoti wa stima." La pili: "Na hizo mita mbili, hata mimi ningeshinda." La tatu lilitoka kwa jamaa anayejua michezo kweli, mtu anayeweza kukutajia kikosi cha Gor cha 1987 akiwa amefumba macho: "Sawa, lakini hakuwahi kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Siku kubwa alikuwa anazima."

Vicheko, emoji, kisha watu wakarudi kwa stori za kodi na mafuta. Mimi sikulala vizuri. Nilikuwa naziangalia zile meseji tatu na nikagundua kwamba ni meseji moja. Yekaterina Gamova akishinda, aliyeshinda ni mwili wake. Akishindwa, aliyeshindwa ni yeye. Ushindi unapewa mifupa, lawama inapewa moyo. Sasa huyo mwanamke atashinda lini?

Kwa wale hawamjui, acha niseme haraka. Alizaliwa Chelyabinsk, mji wa viwanda karibu na milima ya Ural, Oktoba 1980. Ana mita 2.02. Alianza kwa timu ya mji wake, akaingia Uralochka ya Yekaterinburg mwaka 1998, akaenda Dynamo Moscow 2004, akacheza msimu mmoja Fenerbahçe huko Uturuki, kisha Dynamo Kazan kuanzia 2010 hadi alipostaafu 2016. Bingwa wa Ulaya 1999 na 2001. Fedha ya Olimpiki Sydney 2000 na Athens 2004. Bingwa wa dunia 2006 na 2010. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya na ubingwa wa dunia wa klabu, yote mwaka mmoja, 2014, akiwa tayari amegonga miaka 33. Hayo ndiyo maisha ambayo watu wanayafupisha kwa neno moja: mrefu.

Na sisi Wakenya, kati ya watu wote duniani, ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kulisema hilo neno. Kila Mkenya akishinda mbio ndefu huko nje, kuna mchambuzi fulani aliyevaa tai ambaye anatuelezea habari ya nyanda za juu, hewa nyepesi, miguu myembamba, na eti kukimbia kwenda shule. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, kulikuwa na watu walioongea kuhusu viatu kuliko walivyoongea kuhusu yeye. Na sisi tulikasirika, tena kwa haki. Tuliuliza: kama ni mwinuko, mbona kila mtu wa Iten si bingwa? Kama ni viatu, si mvae mkimbie? Tulijua kwamba nyuma ya ile mbio kuna mtu anayeamka alfajiri, kila siku, miaka nenda miaka rudi, kwenye matope na baridi. Tulijua kwa sababu ni wetu.

Basi niulize swali lilelile. Kama ni urefu, mbona kila mwenye mita 2.02 si Gamova?

Hilo si swali la mzaha. Katika timu ya Urusi iliyoshinda dunia mwaka 2006 kulikuwa na mwanamke mwingine mwenye urefu uleule kabisa, Yulia Merkulova, mchezaji wa katikati. Mchezaji mzuri, bingwa wa dunia, hakuna ubaya. Lakini ukiuliza mtu yeyote anayefuatilia voliboli amtaje Mrusi mmoja wa kizazi kile, hatakutajia Merkulova. Sentimita ni zilezile. Kilichobaki baada ya kutoa sentimita ndicho ninachotaka kuzungumzia, na ndicho hakuna mtu katika grupu alitaka kukiangalia.

Mashindano hayo ya 2006 yana kichekesho chake. Urusi ilichukua kombe pale Osaka kwa kuipiga Brazil seti 3–2, ya mwisho 15–13. Tuzo ya mchezaji bora wa mashindano ikaenda kwa Yoshie Takeshita, seta wa Japani, mwenye mita 1.59. Japani ilimaliza ya sita. Sina neno na Takeshita, jameni, yule alikuwa akili tupu, na ukimuona akipanga mpira unaelewa kwa nini watu walimpenda. Lakini ona jinsi macho yetu yanavyofanya kazi: mtu mdogo akifaulu tunatafuta akili yake, na tunaiona. Mtu mkubwa akifaulu hatutafuti kitu. Tumeshapata jibu kabla ya swali.

Hata kuruka kunapewa heshima ambayo urefu haupewi. Mireya Luis wa Cuba alikuwa na mita 1.75 na aliruka kama aliyekanyaga moto. Watu wanamtaja kwa mshangao hadi leo, na wanastahili kushangaa. Lakini ile misuli ya miguu si alizaliwa nayo pia? Alizaliwa na kitu, akakifanyia kazi. Gamova alizaliwa na kitu, akakifanyia kazi. Mmoja anaitwa kipaji, mwingine anaitwa mlingoti.

Ebu tuingie uwanjani kidogo, kwa sababu hapa ndipo hadithi ya "simama tu na upige" inavunjika. Wavu wa wanawake una mita 2.24. Ndio, ukiwa na mita 2.02 ukinyoosha mkono umeshaupita kabla ya kuruka. Hiyo faida ipo na siikatai. Sasa fikiria nafasi aliyokuwa anacheza. Gamova alikuwa mshambuliaji wa upande wa kulia, yule anayesimama mkabala na seta katika mzunguko. Kazi ya mtu huyo ni kupiga mipira ambayo hakuna mwingine anaitaka. Sevu ya adui ikiwa kali, mapokezi yakiharibika, seta anakimbia hadi nje ya mstari, hana chaguo la ujanja. Anachoweza ni kuurusha mpira juu sana, polepole, kuelekea pembeni. Kuelekea kwa Gamova. Mpira unakaa hewani muda wa mtu kupiga chafya. Kila mtu ukumbini anajua unaenda wapi: muuza maji anajua, kamera inajua, na wale Wabrazili wawili au watatu upande wa pili wanajua, na wameshafika pale, mikono juu, wakisubiri.

Hapo urefu unakupa nini? Unakupa nafasi ya kuona tatizo vizuri zaidi. Bado lazima uchague: upige mstari, upige diagonali, uguse ncha za vidole vya mzuiaji ili mpira utoke nje, au uudondoshe kwa upole nyuma ya ukuta. Unachagua ukiwa hewani, mpira ambao hukuupenda, bega lako likiwa limeshapiga mingine mingi usiku huohuo. Katika ile fainali ya Tokyo alimaliza na pointi 35. Thelathini na tano, wasee, na wote wanajua ni yeye. Seti zilikwenda 21–25, 25–17, 20–25, 25–14, 15–11. Urusi ilikuwa nyuma mara mbili na ikarudi mara mbili. Safari hii ile tuzo ya mchezaji bora walimpa. Labda pointi 35 ndizo zinazohitajika ili mtu aache kuangalia kimo chako.

Na huo mwili una bei yake. Mpira ukija chini, karibu na sakafu, mtu wa mita 1.70 anainama. Mtu wa mita 2.02 anasafiri. Kila kutua baada ya kuruka, magoti na vifundo vya miguu vinapokea mtu mzima kutoka juu, mara nyingi sana kwa siku, mazoezini na kwenye mechi, kwa zaidi ya miaka 18. Wachezaji wengi warefu huvunjika mapema. Yeye alistaafu akiwa na miaka 35. Anayesema "hata mimi ningeshinda" ajaribu kwanza kuruka mara mia katika baraza la nyumba yake, kisha aniambie Jumatatu.

Sasa tuje kwa jamaa wa Gor, kwa sababu hoja yake ni nzito kuliko ya mlingoti na inastahili jibu la heshima. Anasema siku kubwa alikuwa anazima.

Sydney, Septemba 2000. Fainali dhidi ya Cuba. Urusi ilishinda seti mbili za kwanza, 27–25 na 34–32, kisha ikapoteza tatu mfululizo, ya mwisho 15–7. Gamova alikuwa na miaka 19. Kumi na tisa! Miaka minne baadaye, Athens, fainali dhidi ya China, hadithi ileile kama laana: Urusi mbele seti mbili kwa bila, kisha tatu zikaenda. Kocha katika fainali zote mbili alikuwa Nikolai Karpol, mzee aliyewapa Wasovieti dhahabu mwaka 1980 na tena 1988. Na ajabu ni kwamba ile ya 1988, pale Seoul, timu yake ilikuwa nyuma seti mbili kwa bila dhidi ya Peru na ikarudi. Mpira una kumbukumbu mbaya.

Ukitafuta Karpol kwenye video utamkuta haraka: wakati wa mapumziko, uso mwekundu, anawafokea wanawake watu wazima huku kamera imewekwa karibu kabisa na machozi yao. Dunia ilicheka, ikasema ndio mtindo wa Kirusi. Makocha wengi wa hapa kwetu waliona wakasema, unaona, kelele ndiyo inaleta medali. Sitasema kelele ndiyo iliwapotezea dhahabu, kwa sababu sijui na wewe hujui. Ninachojua ni mfuatano wa mambo. Baada ya Athens Karpol aliondoka. Miaka miwili baadaye, chini ya Muitaliano Giovanni Caprara, baadhi ya wanawake walewale walishinda seti ya tano ya fainali ya dunia. Miaka minne tena, chini ya kocha mwingine, Vladimir Kuzyutkin, wakashinda seti ya tano ya fainali ya dunia nyingine. Kama tatizo lilikuwa moyo wa Gamova, huo moyo ulinunuliwa wapi?

Lakini ngoja. Kabla ya ile fainali ya Athens kulikuwa na nusu fainali, ambayo jamaa wa Gor hakuitaja. Brazil walikuwa mbele seti mbili kwa moja. Katika seti ya nne walikuwa mbele 24–19. Pointi moja tu na mechi imeisha, na wana nafasi tano za kuipata. Hawakuipata. Urusi iliokoa zote, ikachukua seti hiyo 28–26, kisha ya tano 16–14. Brazil waliibeba ile mechi kama kidonda kwa miaka. Gamova alikuwa ndani ya uwanja huo. Hiyo ilikuwa siku ndogo?

Halafu London 2012, robo fainali, Brazil tena. Safari hii kibao kiligeuka. Seti ya tano, Urusi ilipata pointi ya kumaliza mechi mara sita. Mara sita. Brazil wakaokoa zote, wakashinda 21–19, wakaenda mbele hadi dhahabu. Niliiangalia ile mechi nikiwa nimesimama kwenye kibanda cha chipo, televisheni imefungwa juu ukutani, mwenye kibanda akiniuliza kama nanunua au naangalia tu. Ilipoisha, mtangazaji alitaja jina moja kwa upande wa Urusi. Timu ya wanawake sita, kocha, benchi zima, na jina moja.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Waliposhinda Osaka tuliambiwa ni timu refu. Waliposhindwa London tuliambiwa ni Gamova. Urefu ni wa timu, kushindwa ni kwa mtu.

Na kuna kitu tunakisahau tukihesabu dhahabu ambazo hakuchukua. Malkia Strikers wetu walikuwepo Sydney, Olimpiki yao ya kwanza, na wakarudi Athens. Kisha ikawa kimya cha miaka 17 hadi Tokyo. Kwetu kufika tu kulikuwa sherehe, na ni sawa, ilikuwa kazi kubwa kufika. Lakini mtu ambaye timu yake ilikaa miaka 17 bila kuonekana Olimpiki anapata wapi mdomo wa kumuita mwanamke aliyecheza fainali mbili mfululizo kwamba alizima? Fedha mbili, na pointi chache kati yake na dhahabu. Tumeizoea hii lugha kutoka kwa mpira wa miguu, ambako kila baa ina profesa.

Nikiri kitu. Siandiki haya bila sababu yangu mwenyewe. Nilikuwa na mita 1.81 nikiwa kidato cha pili. Unajua maisha ya msichana mrefu Kenya: huko juu kuna baridi? Utaolewa na nani? Inama kwenye picha. Mwalimu wa michezo aliniona kwenye foleni ya chakula na akanipeleka uwanjani siku hiyohiyo, bila kuniuliza kama napenda mpira. Aliniweka karibu na wavu na kuniambia, "Wewe simama hapo, nyoosha mikono." Miaka mitatu nilisimama hapo nikinyoosha mikono. Wasichana wafupi walifundishwa kupokea, kupanga, kusoma bega la adui, kuanguka bila kuumia. Mimi nikizungushwa nyuma nilitolewa nje, kwa sababu eti warefu hawawezi mipira ya chini. Tulishinda mechi kadhaa, na watu wakasema ni kwa sababu shule yetu ina yule mrefu. Tulipofungwa katika mashindano ya kaunti, mpira ulipita kati ya mikono yangu, na hakuna aliyesema ni kwa sababu hakuna aliyenifundisha kuifunga. Walisema sina moyo.

Kwa hivyo "ni urefu tu" si utani kwangu. Yule mwalimu aliliamini kabisa, na kwa kuliamini aliniacha tupu. Kule Urusi, mfumo wa shule za michezo waliourithi kutoka Sovieti ulikuwa na ukatili wake, na simuombei mtoto yeyote kocha wa kumfokea. Lakini haukuwahi kufikiri kwamba sentimita zinajipiga mpira zenyewe. Msichana mrefu wa Chelyabinsk alifundishwa mchezo wote. Ukitazama video za Kazan, za miaka yake ya mwisho, utaona: hapigi kwa nguvu kila mara. Mara nyingi anasukuma mpira taratibu kwenye kona ambayo hakuna mtu, na mlinzi anabaki ameduwaa magoti yakiwa chini. Ni mtu wa miaka 33 anayejua mwili hautamfanyia kazi yote tena, na ambaye kwa kweli hakuwahi kuutegemea kwa kazi yote. Dynamo Kazan walichukua ligi ya Urusi mara tano mfululizo kwa mchezo wa aina hiyo.

Baada ya London aliiacha timu ya taifa. Alirudi mara moja tena, kwa mashindano ya dunia ya 2014 kule Italia. Urusi haikufika nusu fainali. Hakuna aliyemlazimisha kurudi. Alikuwa ameshashinda kila kitu cha klabu mwaka huohuo na angeweza kukaa nyumbani na magoti yake. Mtu asiye na moyo hafanyi hivyo, lakini sitalisukuma hilo sana, maana mimi ndiye nimesema tuache kupima mioyo ya watu.

Niliandika nusu ya haya kwenye grupu usiku ule, meseji baada ya meseji, hadi mmoja akanijibu kwa picha ya mtu amelala mezani. Jamaa wa Gor hakusema kitu. Siku ya pili, saa nne usiku, alinitumia meseji pembeni, si kwenye grupu. Alikuwa ameiangalia fainali ya Tokyo yote, seti tano.

"Kuna mpira mmoja kwenye seti ya nne," aliandika. "Wako watatu mbele yake na amepiga kidole cha yule wa mwisho, ukaenda nje. Hiyo ilikuwa bahati ama aliona?"

Nikamwambia arudishe nyuma sekunde tatu, amuangalie kabla hajaruka.